Kipimamvua Katika Migomba ya Baba

Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo. Uloweke, uusugue kwa ndimu, uuanike juani siku nzima, doa litabaki pale pale. Wiki iliyopita nilikuwa soko la Mkuyuni nikichagua ndizi za kupika, na kijana muuzaji alipoushusha mkungu na kuukata kwa panga, harufu yake ikanipanda puani: mbichi, chungu kidogo, kama kisu kilicholowa. Nikasimama nimeshika mkoba, macho kwenye panga.

"Mama, vipi, umeona nyoka?" kijana akaniuliza.

"Nimemkumbuka mtu."

"Mpenzi wa zamani!" akawaambia wenzake, wakacheka.

"Adui wa zamani," nikamwambia. Wakaacha kucheka.

Ninyi wa rika langu, mliokula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kupanga foleni kwenye duka la ushirika mkiwa mmeshikilia kikapu cha mama, mtanielewa bila maelezo mengi. Kwa wengine nitasema tu kwamba mimi ni mwanamke niliyetoka kijiji kisichokuwa hata na zahanati, nikasoma mpaka nikapata stashahada ya hali ya hewa, nikafanya kazi Lusaka na Gaborone, kisha nikarudi kwa hiari yangu na kujenga Kisesa nyumba ya vyumba vinne bila kuchangiwa hata tofali moja. Stashahada yangu nimeitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili anayeingia aisome kabla hajaketi. Wapo wanaosema najisifu. Najisifu. Sikupewa kitu na mtu, na kile kidogo ambacho baba yangu alikuwa nacho nilishuhudia kikikatwa.

Kijiji chetu kilikuwa mashariki ya Mwanza, baada ya Kisesa, mahali ambapo ukipanda juu ya mawe ya nyuma ya shule uliliona ziwa limelala kama bati jipya. Wenyeji walikuwa Wasukuma, watu wa pamba na ng'ombe. Sisi tulikuwa Wahaya, nyumba moja tu. Baba alikuja Mwanza kufanya kazi katika kiwanda cha kuchambulia pamba, na watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa naye akaomba kiwanja, akapewa. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kuezeka, ni kupanda meli kwenda Bukoba kufuata machipukizi ya migomba. Aliyaleta yamefungwa kwenye magunia mabichi, akayamwagia maji njia nzima, akawa analala sitahani pembeni yake kama mtu anayeuguza.

Mtu asiyetoka Kagera huenda asielewe. Kwetu nyumba haisimami uwanjani. Inakaa ndani ya migomba. Migomba ndiyo ukuta, ndiyo kivuli, ndiyo chakula, na mababu wamezikwa humo. Uwanja mtupu ni mahali pa kuchungia. Kwa hiyo Baba alijizungushia migomba pande zote, akaimwagia maji ya kunawia, akaitandikia nyasi kavu chini, na baada ya misimu michache ilikuwa imetufunika kiasi kwamba mtu akipita njiani aliona moshi wetu tu. Jirani yetu Mama Nyanzala, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa akisimama nje na kupiga kelele: "Baba Koku! Mmo humo au mmeshaliwa na majani?" Koku ni mimi.

Hayo ndiyo makao aliyoyakuta Bwana Shamba Ngasa siku alipokuja na kipimamvua kwenye keria ya baiskeli. Alikuwa bado kijana, amehitimu kilimo, ana kalamu mbili kwenye mfuko wa shati na meno meupe sana. Mkoa ulitaka kila kijiji kiwe na nyumba moja ya kupimia mvua, na Baba alichaguliwa kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mlevi.

"Mzee, Serikali imekuletea mgeni," alisema Bwana Shamba, akikifungua kamba. "Tumweke wapi?"

Baba alikitazama kile chombo cha shaba, mdomo wake kama faneli, ndani yake chupa, na pamoja nacho bilauri nyembamba yenye mistari. Nilimwona akinyoosha mgongo.

"Mgeni wa Serikali atalala nyumbani," akasema. "Hawezi kulala uwanjani na mbuzi."

Akaongoza njia mpaka katikati ya migomba, chini ya shina aliloliheshimu kuliko yote, la kwanza kushika udongo. Bwana Shamba akatazama juu. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu akitazama juu, akiyaona majani yale mapana yaliyopishana. Kisha akajifuta jasho, kwa sababu nje jua lilikuwa linachoma.

"Hapa pazuri," akasema. "Kuna ubaridi. Chimba hapa hapa."

Kipimo kikafukiwa nusu, mdomo nje. Mama akaleta rubisi, pombe yetu ya ndizi, Bwana Shamba akanywa akiwa ameegemea mgomba, akausifu mkono wa mpikaji, akaandika jina la mahali kwenye karatasi zake, akaondoka akiyumba kidogo juu ya baiskeli.

Darasa letu liliingia mchana, kwa hiyo asubuhi nilikuwa msaidizi wa Baba. Mvua ikinyesha, saa tatu juu ya alama tulikwenda pamoja, yeye amevaa shati safi kana kwamba anakwenda kanisani. Alimimina maji ya chupa kwenye bilauri bila kuacha tone, akaiweka juu ya jiwe lililo sawa, akachuchumaa.

"Shusha macho mpaka yalingane na maji," alinifundisha. "Ukitazama kutoka juu yanakudanganya. Umeona maji yamepinda katikati kama tumbo? Soma pale chini tumbo lilipolala, usisome pembeni yalipopanda kwenye kioo."

Nimekaa chuoni na wahadhiri wenye shahada kubwa kubwa, na hakuna aliyelieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Lakini nilikuwa mtoto, na nilikuwa na fikra zangu juu ya hizo tarakimu. Niliona jinsi mambo yalivyokwenda kwenye duka la ushirika: balozi wa nyumba kumi aliandika kila nyumba imepata sukari kiasi gani, sabuni kiasi gani, karatasi zikapelekwa Mwanza, na Mwanza wakaamua mgao unaofuata. Aliyeonekana kupata nyingi alirukwa. Sasa na mvua nayo ilipimwa, ikaandikwa, ikapelekwa Mwanza. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Ilikuwa wazi kwamba kule mjini, katika jengo fulani refu, kulikuwa na watu waliokaa wakigawa mvua kwa vijiji, na sisi tulikuwa tukiwaambia kila wiki kwamba tumeshapata ya kututosha.

"Baba, usiandike yote," nilimsihi asubuhi moja. "Watatupunguzia."

"Akina nani?"

"Wale wa Mwanza wanaogawa."

Baba alicheka mpaka mkono ukamtikisika, ikabidi asome upya. Alidhani natania. Akaandika yote.

Na ilikuwa mvua nyingi kweli, kwenye bilauri. Nje ya migomba mambo yalikuwa mengine. Msimu ule mawingu yalikuja kutoka ziwani yakiwa meusi, yakatupa matone mazito ya kutoboa vumbi, yakapita. Pamba ya shamba la kijiji ilisimama kimo cha goti, majani yamejikunja. Mama Nyanzala akaja mpaka mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Koku, hiyo mvua unayoiandika inanyesha wapi? Maana kwangu hata mbuzi hakulowa."

"Naandika ninachokiona, shemeji."

"Basi njoo ukione na kwangu! Au mbingu nayo imekuwa ya Wahaya?"

Watu wakacheka njiani, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshasimama mkutanoni na kusema kwamba mkoa una karatasi, karatasi zinaonyesha mvua ilitosha, na kama mvua ilitosha basi kilichokosekana ni jasho. Watu wazima waliitwa wavivu mbele ya watoto wao, wakaamriwa kulima upya sehemu ya shamba, na kanga zilizofika dukani zikafungiwa mpaka kazi iishe. Kwenye kisima wanawake walianza kunyamaza Mama anapofika.

Hapo nikaamua kufanya kazi yangu mwenyewe. Nilitafuta makopo mawili ya mafuta ya kupikia, ya ukubwa mmoja, nikayakata midomo sawasawa. Moja nikalisimamisha kando ya kipimo, katikati ya migomba. La pili nikaliweka kwenye shamba letu la karanga, mahali peupe, nikalizungushia mawe ng'ombe wasiliangushe. Mvua ilipokatika nilichovya ndani yake njiti ya ufagio na kuweka alama kwa ukucha mahali ilipolowa. Kopo la migombani lilikuwa karibu mara mbili ya lile la uwanjani. Mvua ya pili, vivyo hivyo. Ndipo nikalala chali chini ya migomba wakati wa manyunyu, nikaona: jani moja refu lilikuwa limeinama juu ya kipimo, mkondo wake wa katikati ukikusanya maji ya jani zima na kuyamimina kwenye faneli na kwenye kopo langu kama mfereji wa bati. Hakuna aliyenifundisha kulinganisha vipimo viwili. Nilikuwa bado sijaweza kugawanya kwa tarakimu mbili.

Sikumwambia Baba. Nilikuwa nawasubiri wa Mwanza. Niliposikia afisa wa mkoa anakuja kuangalia kwa nini pamba imeshindwa, niliamini ndiye mgawaji mwenyewe, na kwamba nikimwonyesha kosa ataturudishia mvua tuliyopunjwa.

Alikuja kwa Landrova, mtu mnene mpole mwenye haraka, pamoja na Mwenyekiti na Bwana Shamba Ngasa. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo alfajiri. Waliingia migombani wakiinama, Baba mbele katika shati lake safi. Mimi nikatokea na makopo yangu mawili, nikayaweka miguuni mwa mgeni.

"Hili lilikuwa hapa na hili lilikuwa kwenye karanga," nikasema, kwa kasi kabla hawajanifukuza. "Yalinyeshewa mvua moja. Jani lile linatuongezea. Hatukupata yote hayo, kwa hiyo mtuongezee."

Mgeni alitazama kopo la kwanza, akatazama la pili, akainua macho kwenye jani. Akacheka kwa furaha ya kweli. "Ninyi! Binti amewashinda wote!" Kisha akamgeukia Bwana Shamba, bado anatabasamu: "Ngasa, nani alipachagua mahali hapa?"

Bwana Shamba akatazama juu tena, kwenye jani. Nilisikia tone likidondoka.

"Mwenye nyumba mwenyewe, ndugu," alisema Bwana Shamba. "Nilimwambia akiweke uwanjani. Hawa wenzetu wana mambo yao na migomba."

Baba aligeuza kichwa polepole, akamtazama. Kwetu mgeni habishiwi ndani ya nyumba yako mbele ya mgeni mwingine. Nilimsubiri aseme. Nilisubiri aseme "ulikunywa rubisi yangu ukiwa umeegemea shina hili." Akainama, akapangusa mdomo wa kipimo kwa kiganja.

"Basi si kazi kubwa," afisa akasema. "King'oeni, mkiweke kule kwenye karanga."

Na hapo ndipo ningependa wasomaji wangu wasikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kisa. Kipimo kile kingehamishwa na mtu mmoja mwenye jembe kabla chai haijapoa. Lakini kikihamishwa, karatasi ya kukihamisha ingeuliza ni nani aliyekipachika mahali pabaya, na karatasi ya kwanza ilikuwa na sahihi ya mtu mwenye kalamu mbili.

"Tatizo, ndugu," akasema Bwana Shamba kwa upole, "kituo kimeshaandikishwa mkoani, hapa hapa. Tukikihamisha, kumbukumbu zote zinakatika. Lililo rahisi ni kuondoa kizuizi."

"Kizuizi kipi?"

"Migomba."

"Yote?" Mwenyekiti mwenyewe alishtuka.

"Iliyo karibu na kipimo. Kwa bahati mbaya, ndiyo karibu yote."

Afisa alitazama saa yake. Alikuwa na vijiji vingine. "Haya, mtaelewana wenyewe," akasema, akanipapasa kichwa, akaenda zake. Nilimkimbilia mpaka kwenye gari nikimwambia tumekosea, sikutaka migomba ikatwe, nilitaka mvua. Dereva akanifukuza kwa honi.

Kesho yake wakaja vijana wa mgambo na mapanga, na Bwana Shamba nyuma yao amesimamisha baiskeli. Mama Nyanzala alitoka nje, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza kwa sauti ndogo. "Ngasa, mwanangu, huo ni uchawi gani? Si mkiondoe hicho kidude?"

"Ni amri, mama."

"Amri ya nani? Yule mnene alisema kitolewe, mtoto wangu Koku alimsikia!"

"Ni mambo ya kitaalamu, mama. Huwezi kuyaelewa."

Baba aliwaambia vijana wakae. Akaingia ndani, akatoka na panga lake, amevua shati. Aliikata mwenyewe, mmoja mmoja, akianzia nje na kuja ndani. Mgomba haupigi kelele ukikatwa. Unatoa mlio kama mtu anayevuta pumzi, kisha maji yanatiririka. Utomvu ulimrukia kifuani, mikononi, kwenye suruali yake ya pekee iliyokuwa bado na mikunjo ya pasi. Ile ambayo mikungu yake haijakomaa aliikata pia. Alipofika kwenye shina la kwanza alisimama kidogo, akaligusa kwa kiganja kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, kisha akalikata. Nyumba yetu ikabaki uchi. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa ndogo.

Bwana Shamba alichagua mkungu mmoja mzuri, akaufunga kwenye keria, akaondoka nao.

Mtu mwingine hapa angejilaumu, angesema ni mimi na makopo yangu. Mimi sijilaumu hata kidogo. Makopo yangu yalisema kweli. Aliyekuwa na uongo alikuwa amesimama pale na meno yake meupe, na tangu siku ile nilimtunza moyoni kama watu wanavyotunza mbegu. Baba aliendelea kupima mvua, saa tatu juu ya alama, katikati ya visiki vilivyokuwa vikioza. Hakupanda tena hata mgomba mmoja. Baadaye tulihamia mjini, akafia kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta.

Chuoni, somo la kwanza kabisa juu ya mvua lilikuwa hili: kipimo kiwekwe mbali na mti au nyumba, umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kitu hicho. Ukurasa wa mwanzo. Niliusoma nikatetemeka kwa hasira, kwa sababu hakuna aliyehitimu kilimo asiyeujua. Alipotazama juu siku ile alijua. Nilifaulu somo hilo kuliko wanaume wote wa darasa langu, na kila nilipochoka nilimkumbuka yeye na keria yake, nikaongeza mafuta kwenye taa.

Nilipomaliza kujenga Kisesa, siku moja akaja mwanamke mmoja aliyevaa vizuri, akaisoma stashahada yangu ukutani, akafurahi mno. Alikuwa binti wa Bwana Shamba Ngasa. Mzee Ngasa alikuwa hai, amestaafu kwa heshima, anaishi Mkolani, mzee wa kanisa. Watoto wake walikuwa wanamwandalia sherehe ya shukrani.

"Anatuambia siku zote kwamba ni yeye aliyekufundisha kupima mvua," alisema. "Anasema wewe ni matunda yake. Dada, tunakuomba uje, useme maneno mawili."

"Nitakuja," nikasema.

Nikashona nguo mpya. Nilifika wakati watu wote wameshakaa chini ya turubai, mchungaji, majirani, wajukuu waliovaa sare. Walisimama kunipisha; mshereheshaji akatangaza jina langu na stashahada yangu kwenye kipaza sauti. Mzee Ngasa alikuwa kwenye kiti kikubwa kilichopambwa, nywele nyeupe, meno karibu yote yameondoka. Aliponiona alifurahi kweli. Akainua mkono, akainamisha kichwa kidogo upande mmoja jinsi wazee wanavyofanya wanapongoja kuamkiwa na mtoto wao.

Nilimkaribia, nikasimama wima, nikampa mkono kama unavyompa mtu wa rika lako uliyekutana naye kwenye mizani ya pamba.

"Habari za leo, Ngasa," nikasema.

Vichwa vikageuka chini ya turubai zima. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kuitikia marahaba, ukabaki hivyo. Binti yake akanivuta kiwiko, akaninong'oneza, "Dada, mwamkie mzee. Ni mzee wako huyu."

"Nimeshamsalimu," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapishi. "Nangoja aitikie."

Mzee akanitazama. Niliona macho yake yakitafuta sababu, kisha yakaipata. Hakuniuliza kwa nini.

"Nzuri," akasema.

Nikavuta kiti karibu naye, nikakaa, na pilau ilipoletwa nikala mpaka nikashiba.